Boneti Imekaa Upande: Urekebishe Mwenyewe, Umpe Fundi Bodi, au Ununue Nyingine?

Gari likishapita miaka 20, boneti huanza kusema yote yaliyolipata. Upande wa kulia mwanya unaingiza kidole, upande wa kushoto boneti inasugua fenda hadi rangi imetoka. Kona moja ya mbele imeinuka juu ya taa. Ili loki ishike ni lazima uiachie kwa kishindo, na ukiwa barabara kuu, lori likikupita, inatetemeka mbele ya macho yako. Ukiomba ushauri, kila mtu ana dawa yake. Jirani atakwambia ulegeze bolti tu. Fundi wa mtaani atasema, "Niachie bosi, kesho njoo uchukue." Kijana wa duka la spea ataapa kwamba hiyo boneti imeshakwisha, weka nyingine.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila si kwa gari moja. Hapa nimeziweka njia hizo tatu pamoja ili ujue yako ni ipi kabla hujatoa hela. Mifano mingi ni ya Toyota Corolla AE100 na AE110, maana bado zimejaa mitaani, na hapa na pale Land Rover za zamani, ambazo zina tabia zao.

Tutapima kwa nini

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Inatibu kasoro gani hasa: bolti zilizohama, chuma kilichopinda, au bodi nzima iliyosogea? Inadai zana na fedha kiasi gani, pamoja na zile gharama zinazojitokeza baadaye kama rangi? Gari litalala kwa muda gani? Mwenye teksi na mwenye gari la kwendea kanisani Jumapili hawana haraka moja. Kuna hatari gani, na mambo yakienda kombo unaweza kurudi ulipoanzia? Mwisho, inamfaa nani?

Juu ya hayo yote kuna usalama, na hapo hakuna mjadala. Boneti ya kawaida hushikwa mara mbili: loki kuu inayofunguliwa kwa waya kutoka ndani, na ndoano ya pili unayoisukuma kwa vidole ukiwa umesimama mbele ya gari. Kanuni ya usalama namba 113 ya Marekani inadai kishikizo hicho cha pili kwa boneti ya mbele ambayo ikifunguka inamzuia dereva kuona njia. Sababu yake haihitaji maelezo: boneti ikinyanyuliwa na upepo ukiwa kwenye kasi, inakuja juu ya kioo, na wewe huoni kitu. (BMW E30 ni tofauti kidogo, bawaba zake ziko mbele, kwa hiyo upepo huifunga badala ya kuifungua. Magari ya namna hiyo ni machache.) Kama leo ndoano yako ya pili haishiki, kwanza hilo. Hata safari ya kwenda kwa fundi, ifunge boneti kwa mkanda imara na uende polepole. Mwanya mbaya unaweza kuishi nao miaka. Loki mbovu, hapana.

Isome mianya kabla ya kuchagua

Hii ndiyo kazi inayorukwa na watu wengi, na ndiyo inayoamua kila kitu. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yote yakiwa na upepo wa kutosha. Sogea mita chache mbele, chuchumaa hadi macho yako yalingane na ukingo wa boneti, kisha angalia kushoto na kulia.

Kwa Toyota na Nissan za miaka ya 1990, mwanya kati ya boneti na fenda huwa karibu milimita 4, zaidi au pungufu ya moja. Land Rover za Series usizidai hivyo. Hata mpya zilikuwa na mianya mikubwa. Unachokitafuta ni mwanya unaolingana kutoka nyuma hadi mbele. Chukua kipande cha boksi, kikunje hadi kiingie kwa kubana kidogo pale mwanya ulipo mzuri, halafu kitembeze kingo zote. Kitakapokwama na kitakapolegea ndipo pa kuweka alama.

Mwanya ukiwa mpana sawasawa upande mmoja na mwembamba sawasawa upande wa pili, boneti imehama kando. Hizo ni bolti. Ukianza mwembamba nyuma na kupanuka kuelekea mbele, huku upande wa pili ukifanya kinyume, boneti imezunguka: bawaba moja imesogea mbele kuliko mwenzake. Bado ni bolti. Kona moja ya mbele ikiwa juu au chini, tazama kwanza stopa za raba, zile zinazozungushwa kwa mkono kwenye chuma cha mbele. Mara nyingi moja imeanguka zamani na hakuna aliyeigundua.

Boneti iliyoinuka nyuma, karibu na kioo, inataka jicho kali zaidi. Ifungue usikilize bawaba. Zikilia, au zikiwa nzito, kutu imezibana, na kila unapofunga unalazimisha chuma kipinde mahali pengine. Kinachopinda ni boneti yenyewe, mbele kidogo tu ya bawaba. Pitisha vidole kwenye fremu ya ndani sehemu hiyo. Ukikuta mkunjo au rangi iliyopasuka kwa mstari, bolti peke yake haitoshi. Na hata kama hakuna mkunjo, mwagia pini za bawaba dawa ya kulegeza kutu, fungua na kufunga taratibu mara nyingi, kisha paka grisi kabla ya kuamua lolote. Wapo watu walionunua boneti kwa ugonjwa uliokuwa wa grisi.

Kagua na betri. Betri ndefu kuliko ile ya kiwandani, au vichwa vyake vilivyofungwa mabano makubwa, hugusa boneti kutoka chini na kuinua kona. Utaona alama kwenye kitambaa cha ndani au kwenye chuma. Licha ya kuinua boneti, hiyo ni shoti inayosubiri siku yake.

Kipimo cha mwisho ni cha mshazari. Boneti ikiwa wazi, vuta futi ya utepe kutoka bolti ya bawaba ya kushoto hadi bolti ya mbele ya fenda ya kulia, kisha upande wa pili kwa bolti zilezile. Tofauti ya milimita moja au mbili si hoja kwa gari la umri huu. Ikikaribia sentimita nzima, tundu lenyewe ambalo boneti inakaa limepoteza umbo, na hakuna bolti ya boneti itakayolirudisha.

Njia ya kwanza: kurekebisha mwenyewe

*Inatibu nini.* Boneti iliyohama, iliyozunguka, loki iliyo juu au chini mno, stopa zilizopotea. Kwa maneno mengine, kila kitu kilicho kizima lakini hakipo mahali pake. Haitibu chuma kilichopinda, ingawa huweza kukificha kidogo.

*Kazi yenyewe.* Fungua boneti, chora kwa maka mzunguko wa kila bawaba mahali inapokaa. Mstari huo ndio njia yako ya kurudi. Kona za nyuma za boneti na za fenda zifunge kwa tambara, maana boneti ikiteleza zinazoumia ni rangi ya fenda na kioo. Tafuta mtu wa pili wa kushika upande mwingine. Ukiwa peke yako hii kazi ni ya mapambano.

Kabla ya kugusa bawaba, toa loki. Legeza bolti zake uiweke kando bila kuchomoa waya. Wengi huliruka hili, na ndiyo maana wanazunguka bila kufika: loki iliyo upande huivuta boneti kila inapofungwa, kwa hiyo mianya unayoisoma ni ya loki wala si ya bawaba.

Sasa legeza bolti zinazoshika bawaba kwenye boneti, kiasi tu cha boneti kusogea ukiisukuma kwa kiganja. Ishushe, sukuma kidogo, soma mianya, inua taratibu, kaza, shusha tena uhakikishe. Hapa ndipo unapata mbele na nyuma, kushoto na kulia. Urefu wa nyuma kwa kawaida unarekebishwa kwenye bolti za upande wa bodi. Pasipo na nafasi, washa nyembamba kati ya bawaba na boneti huinua nyuma kidogo.

Kuna jambo la Toyota ambalo limewachosha wengi. Unalegeza bolti zote, unasukuma, boneti haiendi popote. Chomoa bolti moja uitazame chini ya kichwa. Baadhi ya bolti za kiwandani zina shingo yenye mteremko, inayojiweka yenyewe katikati ya tundu. Kiwandani zilisaidia kufunga boneti haraka mahali pamoja, lakini kwa anayetaka kurekebisha ni kizuizi, na vitabu vya ufundi vya Toyota vinaelekeza ziondolewe na kuwekwa bolti ya kawaida yenye washa. Ukubwa na nyuzi ziwe zilezile. Nenda na ya zamani dukani. Ukizibadilisha, ghafla boneti ina nafasi ya kucheza.

Mianya ikikaa vizuri, geukia stopa za raba. Zungusha kila moja hadi ukingo wa mbele ulingane na fenda. Loki ndiyo ya mwisho. Irudishe, bolti zikazwe nusu, paka grisi kidogo kwenye kitanzi cha chuma kilicho chini ya boneti, kisha shusha boneti hadi kitanzi kiguse mdomo wa loki bila kufunga. Inua uangalie grisi imeweka alama wapi. Alama ikiwa upande mmoja wa mdomo, sogeza loki upande huohuo, rudia. Loki ikiwa chini mno, boneti itadai kishindo. Ikiwa juu mno, itafunga kirahisi lakini itacheza juu ya stopa ukiwa barabarani.

Kabla ya kuifunga kwa mara ya kwanza, sukuma ulimi wa loki kwa bisibisi boneti ikiwa bado wazi, mtu avute waya kutoka ndani, uone kama inafunguka. Waya wa gari la zamani huwa umeanza kukatika nyuzi mojamoja. Boneti iliyofungwa na waya uliokatika inakufanya uanze kufungua shoo (ile gridi ya mbele ya rejeta) au kulala chini ya bampa, na siku yote inaishia hapo.

*Zana na fedha.* Spana ringi namba 10 na 12, bisibisi, futi ya utepe, maka, dawa ya kutu, grisi. Kinachonunuliwa mara nyingi ni stopa za raba na bolti chache tu. Kwa fedha hakuna njia inayoishinda hii.

*Muda.* Mgeni wa kazi hii atumie nusu siku bila haraka. Bolti zenye kutu zinaweza kuila siku nzima.

*Hatari.* Bolti kukatika, au nati iliyochomelewa ndani ya boneti kuanza kuzunguka na bolti. Zote mbili huzuilika kwa kumwagia dawa ya kutu usiku uliotangulia na kutotumia bomba refu kwenye spana. Faida yake kubwa ni kwamba, ukiwa na alama zako za maka, unaweza kurudi ulipoanzia dakika yoyote.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira na msaidizi, ambaye vipimo vya mshazari vimemtoka sawa. Hata asiyependa kushika spana afikirie kumlipa fundi wa kawaida aifanye kwa utaratibu huu kabla ya kupanda ngazi nyingine.

Njia ya pili: fundi bodi

*Inatibu nini.* Chuma kilichopinda: boneti iliyojikunja mbele ya bawaba, iliyopotoka kona, bawaba iliyokunjwa, au chuma cha mbele kinachobeba rejeta na loki kilichosukumwa nyuma na ajali ndogo. Hapa njia ya kwanza haina la kufanya.

*Kazi yenyewe.* Fundi bodi mzuri hutumia macho kuliko vipimo, na inafurahisha kumtazama. Ataweka kigogo cha mti chenye kitambaa chini ya kona iliyo juu, atakandamiza kona ya pili kwa uzito wa mwili wake, ataachia, atarudi nyuma hatua tatu, atafumba jicho moja, kisha atarudia mahali hapohapo kwa nguvu kidogo zaidi. Boneti iliyopotoka hunyooka hivyo bila nyundo kugusa rangi. Sehemu iliyobonyea ataigonga kwa nyundo huku chuma cha kukingia kikiwa upande wa pili. Chuma cha rejeta kilichorudi nyuma atakivuta kwa mnyororo uliofungwa kwenye nguzo, kidogo kidogo, akipima na futi kila mara. Asipopima, mwambie apime.

Mazungumzo ya kufanya kabla ya kumkabidhi funguo ni mafupi. "Fundi, utanyoosha chuma kwanza au utajaza puti?" Jibu la "Kidogo tu bosi, ya kuziba" ulifuatilie. Puti ni ule uji mzito wa kujazia mabonde kabla ya rangi, na ikiwa nyembamba juu ya chuma kilichonyooka haina shida. Puti nene inayojenga umbo ambalo chuma hakina, hasa ikipita milimita 3, haitadumu juu ya injini yenye joto na mtikisiko. Itapasuka, maji yataingia chini yake, na kutu itafanya kazi yake kimyakimya. Mwombe akuite uone chuma kikiwa kimenyooshwa kabla hakijapakwa chochote.

Wenye Land Rover za zamani wana la ziada. Boneti yao ni ya alumini. Jaribu sumaku, haishiki. Alumini ikikunjwa na kunyooshwa mara nyingi hupasuka, na joto la gesi huiharibu kabla fundi hajaona rangi ikibadilika kama ilivyo kwa chuma. Mpe kazi aliyewahi kushika alumini. Na kama tairi la akiba linakaa juu ya boneti, kama lilivyo kwa nyingi, lishushe kwanza kabla ya kusoma mianya, kisha lipandishe usome tena, kwa sababu uzito ule hubadilisha mkao.

*Zana na fedha.* Zana ni zake. Fedha patana mapema, na bei ya kunyoosha itenganishwe na bei ya rangi, maana rangi ndiyo inayopandisha hesabu. Kibao cha gari kwenye Toyota kina msimbo wa rangi, mahali palipoandikwa C/TR, lakini msimbo huo ni wa rangi ilivyokuwa mpya. Gari lililokaa kwenye jua miaka 20 limefifia. Boneti iliyopulizwa kwa msimbo itang'aa peke yake kati ya fenda mbili zilizochoka. Mchanganyaji mzuri atalinganisha kwa jicho na kipande cha gari lako, si kwa namba peke yake.

*Muda.* "Kesho" ya fundi bodi unaijua. Kunyoosha bila rangi kunaweza kuisha siku hiyohiyo. Rangi ikiingia, hesabu siku kadhaa, na msimu wa mvua uongeze.

*Hatari.* Chuma kilichogongwa vibaya hakirudi. Kulehemu karibu na waya za umeme bila kutoa betri ni kutafuta matatizo mapya, kwa hiyo hakikisha inatolewa. Kuna pia kishawishi cha kupinda bawaba nzima ili ilingane na boneti iliyopinda. Mianya inapendeza siku ya kuchukua gari, na anayebadilisha boneti baadaye hatajua kwa nini haikai. Matokeo yanategemea mkono wa mtu mmoja. Kaangalie gari alilomaliza mwaka jana kuliko lile alilomaliza jana.

*Inamfaa nani.* Mwenye mkunjo unaoonekana, au gari ambalo boneti yake haipatikani tena kirahisi. Ikiwa vipimo vya mshazari vimekataa kabisa, usiishie kwa mnyororo na nguzo. Tafuta gereji yenye mashine ya kunyooshea chesi, ukijua kwamba gharama yake yaweza kuwa nzito ukiilinganisha na thamani ya gari.

Njia ya tatu: kununua boneti nyingine

*Inatibu nini.* Boneti iliyooza kingo, iliyokunjwa vibaya, au iliyojaa puti za mafundi waliopita. Haitibu bawaba, wala chuma cha rejeta, wala fenda iliyosogea. Boneti nzima juu ya bawaba mbovu itakaa upande uleule, ila sasa itakuwa na rangi tofauti.

*Kazi yenyewe.* Kuna za mtumba, nyingi zilizotolewa kwenye magari ya Japani, na kuna mpya zisizo za kiwandani, nyingi kutoka Taiwan na China. Dar utaanzia Gerezani na Ilala, Nairobi ni Kirinyaga Road, Kampala ni soko la Kisekka. Kokote uendako, beba namba ya chesi na picha za boneti yako juu na chini. Majina hudanganya. Boneti ya AE100 haikai kwenye AE110, na Toyota Mark II, Chaser na Cresta zinazogawana chesi zina sura tofauti mbele.

Ukikuta ya mtumba, igeuze. Kutu ya boneti huanzia kwenye ukingo uliokunjwa chini, kule mbele, maji yanapotuama. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu yote. Inaposhika kwa unyonge pana puti. Angalia mahali pa bawaba, kitanzi cha loki, na kama fremu ya ndani haina mkunjo. Iweke juu ya sakafu sawa uone kama kona zote nne zinakaa vilevile kushoto na kulia. Muuzaji akikosa uvumilivu wakati huo, hilo nalo ni jibu. Dai risiti, spea za gari huibiwa.

Ya mpya isiyo ya kiwandani ina chuma safi, lakini matundu yake huweza kupishana kidogo na mikunjo ya pembeni isiwe mikali kama ya asili. Rangi nyeusi inayokuja nayo ni ya kuzuia kutu tu. Kanuni ya kushikilia: ifunge kwenye gari, irekebishe, uridhike na mianya, ndipo ipulizwe rangi. Ukipuliza kwanza, umeshakuwa mteja wake hata ikikataa kukaa, na duka halitaipokea.

Ipo njia ya kati: kununua kichwa kizima kilichokatwa, yaani boneti, fenda, taa, shoo na chuma cha rejeta kutoka gari moja. Vipande hivyo vimekaa pamoja tangu mwanzo na vinalingana vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa gari lililogongwa mbele, mara nyingine hesabu yake ni nzuri kuliko kununua kimoja kimoja.

*Zana na fedha.* Bei ya boneti, usafiri, rangi, na kazi ya kuifunga. Kazi hiyo ya mwisho ni ileile ya njia ya kwanza, kuanzia alama za maka hadi grisi kwenye kitanzi. Hakuna boneti inayokuja imeshajirekebisha. Ukibahatika kupata ya rangi yako, gharama hushuka sana.

*Muda.* Kufunga ni saa chache. Kutafuta ndiko kunakochukua muda, na kwa gari adimu unaweza kungoja mzigo kutoka Sharjah au Japani.

*Hatari.* Kununua isiyokaa, au kununua mgonjwa mwingine. Usiitupe boneti ya zamani hadi mpya iwe imefungwa na kutembea.

*Inamfaa nani.* Mwenye boneti ambayo kuinyoosha na kuipaka rangi kungekaribia bei ya nyingine, na ambaye gari lake ni la aina inayopatikana. Kwa Corolla hili hutokea mara nyingi. Kwa Mercedes W123 iliyotunzwa, boneti ya asili yenye mkunjo mdogo ni bora inyooshwe.

Kulingana na hali yako

Boneti ilianza kusogea polepole, hakuna ajali unayoikumbuka, na vipimo vya mshazari viko sawa: anza na grisi ya bawaba, stopa za raba, kisha bolti. Usimlipe mtu wa rangi bado.

Umelinunua gari karibuni na ulilikuta hivyo: pima mshazari kwanza kabla ya yote. Boneti ya upande kwenye gari ambalo muuzaji alisema halijawahi kugongwa ni sababu ya kuangalia chini ya zulia la buti, mikunjo ya chesi mbele, na bolti za fenda kama rangi yake imekwanguliwa na spana.

Gari liligongwa juzi na una bima kubwa: usiguse bolti hata moja kabla mkaguzi wa bima hajaliona na kulipiga picha.

Ni gari la kazi linaloamka saa 11 alfajiri kila siku, na mkunjo ni mdogo: mwombe fundi bodi anyooshe na arekebishe loki siku moja, rangi isubiri. Chuma kilichonyooka kipakwe japo rangi ya kuzuia kutu.

Ni Land Rover au Land Cruiser ya shamba: shughulika na loki, ndoano ya pili na bawaba, mianya uiache ilivyo.

Unataka kuliuza: fanya njia ya kwanza peke yake. Mnunuzi anayejua magari akiona boneti ina rangi mpya peke yake atauliza ya ajali, na utajibu maswali hata kama ajali haikuwapo.

Kwa njia yoyote utakayochukua, baada ya wiki moja ya kutembea rudia mambo mawili. Shika spana uhakikishe bolti za bawaba na loki hazijalegea, kisha vuta waya kutoka ndani na, bila kugusa ndoano ya pili, jaribu kuinua boneti kwa mkono. Ikiruka kidogo kisha ikagoma kuinuka zaidi, ndoano inafanya kazi.